Mamangu Aliponiajiri Bandarini

Mjomba alitufikia Ijumaa baada ya sala, kanzu ingali inanukia udi, bahasha ya kaki ameibana kwapani. Kahawa hakuitaka. Akamwaga makaratasi juu ya meza: ya meli, ya Japani, na kopi tatu za kitambulisho chake.

"Gari lishashuka Kilindini," akasema. "Kila siku likilala pale, mimi nahesabiwa pesa. Mamako kanambia mambo ya poti na fowadingi siku hizi ni wewe. Nitolee, mwanangu."

Mimi nauza kava na chaja za simu Mwembe Tayari. Bandari naiona nikiwa juu ya feri ya Likoni, tena kwa mbali.

Nikamtazama mamangu. Akainamia sinia lake la mchele, anatafuta mawe ambayo hayakuwepo.

Kosa lilianza na laptopu kuukuu, kioo kimepasuka, niliyoigeuza seva, kompyuta ya kuwagawia wengine mafaili kwa mtandao, na kuisukumia chini ya televisheni. Ndani nimetia picha zote za ukoo na video ya harusi ya dadangu, saa sita nzima, kuanzia kupaka hina mpaka watu wanagombania biriani. Dada kaolewa Lamu, na kila wiki ananidai hiyo video. Nikasema sitatuma tena flashi kwa basi. Nitafungua njia aitazame akiwa kwake.

Njia yenyewe ndiyo hiyo poti fowadingi. Nyumba ina anwani moja inayoonekana nje, na ruta, kile kisanduku cha waifai, ndiyo bawabu. Unamwambia bawabu: mtu akigonga mlango nambari 8443, mpeleke kwa laptopu. Milango iko mpaka 65,535, Kilindini na gati zake zote haioni ndani. Video niliyoitazama ilisema ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilikaa siku tisa.

Na siku hizo tisa zote mamangu yuko pale kwenye kochi, na mimi niko kwenye simu na rafiki yangu, napiga kelele: "Poti imefungwa, yakhe! Nimefowadi, haipiti! Siku ya tatu hii sijalala kwa hii fowadingi!" Mji wenyewe ni huu, kila ngazi unayopanda kuna ofisi ya kliaringi na fowadingi, ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Wewe ungefikiria ruta?

Siku ya nne stima ikapotea, ikarudi. Ruta ilipoamka ikagawa upya anwani za humu ndani ya nyumba kama mtu anayegawa sahani bila kutazama nyuso. Ile 192.168.1.23 niliyoifowadia, laptopu ikanyang'anywa, ikapewa televisheni. Siku mbili kamili kila aliyegonga mlango wangu alipelekwa kwa televisheni ya mamangu, nayo imeshughulika na tamthilia ya Kituruki. Nilipogundua nikaifungia laptopu anwani yake isiondoke tena, stima ipotee isipotee.

Nikajaribu kwa simu yangu, nimekaa papo hapo sebuleni, kwa anwani ya nje niliyoikuta kwenye ukurasa wa ruta. Ikafunguka! Nikampigia dada: "Tazama harusi yako." Akasema inazunguka tu. Nikamwambia mtandao wenu wa kisiwani huo. Akaniuliza Mombasa si kisiwa. Nikakata simu.

Kumbe niko ndani ya nyumba, kwenye waifai ile ile. Ruta imenigeuza mlangoni ikanirudisha ndani, na mimi najisifu nimesafiri.

Basi nikaenda mbali nayo. Jioni ile nikashuka Mama Ngina, nikazima waifai, nikanunua mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu kwa wingi, nikakaa ukutani nikitazama meli. Anwani ile ile, kwa bando. Inazunguka. Muhogo mmoja, inazunguka. Muhogo wa pili, inazunguka. Nikafikicha jicho kwa uchungu, na kidole ni kile cha pilipili.

Machozi yalitoka kama nimefiwa. Muuza mihogo akaniona, simu mkononi, nalia mbele ya bahari. Akaniletea maji, akanambia taratibu: "Muache aende, mwanangu. Wapo wengine."

Rafiki yangu ndiye aliyenipa dawa. Tazama anwani kwenye ruta, akasema, kisha iulize tovuti yoyote inakuona kwa anwani gani. Ruta inasema 100.72 na kitu. Tovuti inasema nyingine kabisa. "Basi umekwisha," akacheka. Anwani za 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa makampuni ya mtandao, wapange wateja nyuma ya anwani moja, kwa sababu zile za zamani, kama bilioni 4.3, hazitoshi dunia. Mimi nilifungua mlango wa chumba changu, nikaupiga rangi, nikauwekea taa, na geti la jumba zima si langu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa pwani kwetu mwaka 2009. Intaneti inapanda ufukweni kwetu, nami sina hata nambari ya mlango.

Haya yote ilibidi nimweleze mjomba, gari lake likiwa juani. Nilidhani hataelewa. Akanyamaza, akazungusha tasbihi.

"Ni kama sanduku la posta la shule," akasema. "Sote tulitumia moja. Barua isiyotajwa jina inabaki pale pale."

"Ndiyo hivyo hivyo, mjomba."

"Kwa hiyo gari hulitoi."

"Silitoi."

Akakusanya makaratasi moja moja. Mamangu akajitetea bila kuulizwa: "Si alisema imefungwa? Mimi nikajua ndiye atakayeifungua."

Anwani ya peke yangu ilikuwa na ada ya kila mwezi iliyonishinda. Nikakodi kiseva kidogo Ujerumani, chenye anwani yake, na laptopu yenyewe ikatoka ikakifuata kwa WireGuard, programu ya kupitisha njia ya siri chini kwa chini ya mtandao, maana kutoka hakuna anayekuzuia, shida ni kuingia. Dada akagonga Ujerumani, akapitishwa mpaka sebuleni kwetu, akatazama saa sita zote. Alichoniambia ni kwamba shangazi ameonekana akitia biriani kwenye mkoba mara mbili.

Nikampigia rafiki yangu kumshukuru, na sauti yangu mnaijua: "Nimechimba handaki, yakhe! Kutoka hapa sebuleni mpaka Ujerumani, linapitisha!"

Mamangu alikuwa kwenye kochi.

Kesho yake alfajiri mlango ukabishwa. Mtoto wa jirani, shati limepigwa pasi, begi mgongoni. Akatazama nyuma yangu, kule chini ya televisheni, akaninong'oneza: "Kaka, kule upande wa pili, viza wanaitisha?"