Charlie Woods: tusome kadi, tuache video

Februari 2024, kwenye uwanja wa gofu wa Lost Lake, Hobe Sound, Florida, kijana wa miaka 15 alirudisha kadi yenye mikwaju 86. Yalikuwa mashindano ya chini kabisa ya kusaka nafasi ya Cognizant Classic, moja ya mashindano ya PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya kulipwa Marekani. Ukipita pale hujaingia popote; unapelekwa kwenye mchujo mwingine wa Jumatatu, na ukipita huo ndipo unacheza na mabingwa wa PGA Tour kwa wiki moja. Kwa kawaida watazamaji wa mchujo kama huo ni wazazi na kedi, yaani wabeba fimbo, waliokosa kazi. Siku ile watu walifurika, wakatembea na kijana yule bila kamba ya kuwazuia, maana juu ya kadi palikuwa na jina Charlie Woods, mtoto wa bingwa Tiger Woods. Jioni mtandaoni ilibaki ile 86 peke yake, pamoja na vicheko vya watu ambao hawajawahi kushika fimbo.

Hebu tuifungue kadi yenyewe. 86 ni 16 juu ya pari, yaani idadi ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji mzuri. Kwenye shimo la 7, la pari 4, Charlie aliandika 12. Shimo hilo moja lilikula mikwaju 8 ya ziada, na mashimo mengine 17 yote kwa pamoja yakala 8. Tusidanganyane, hata ukilifuta shimo la 7 asingefuzu. Lakini kijana anayepoteza mikwaju 8 katika mashimo 17 na kijana anayepoteza 16 kidogo kidogo katika 18 si wachezaji wa aina moja, na kocha hawezi kuwapa mazoezi yale yale.

Namba kama 12 hujengwa hivi. Mpira wa kwanza unatoka nje ya mipaka: adhabu ni mkwaju mmoja na kurudi ulipopigia, kwa hiyo unaofuata ni wa tatu. Ukitoka tena, unapiga wa tano ukiwa bado umesimama pale pale pa kuanzia. Wa tano ukiingia majini, unaongezewa wa adhabu, unadondosha mpira, unapiga wa saba. Ufike kwenye grini, nyasi laini zenye shimo, na wa nane, usukume mara tatu, una 11. Ukiukosa kidogo mmoja wa kukaribia, una 12. Hakuna hata hatua moja hapo ambayo mchezaji mzuri hajawahi kuipitia. Kosa lipo kati ya mkwaju wa kwanza na wa tatu, pale kijana anaposhika draiva ile ile, fimbo ndefu ya kupigia mbali, mapigo ya moyo yakiwa juu, akitaka kufuta aibu kwa mpigo mmoja. Mzoefu huweka draiva kwenye begi, anachukua fimbo ya chuma, anapiga yadi 190 katikati ya nyasi fupi, anaandika 6 au 7 na kwenda zake. Hilo halimo kwenye damu. Hujifunzwa kwa kuumia, na Tiger hawezi kuumia kwa niaba ya mwanawe.

Ndiyo maana sina imani na namna tulivyomjua mtoto huyu. Wengi tulimwona kwa mara ya kwanza Desemba 2020, akiwa na miaka 11, kwenye PNC Championship kule Orlando, mashindano ambayo bingwa hucheza na mtu wa familia yake. Swingi ilikuwa ya baba mtupu: kiuno kile kile, hata kuinama kuokota kishikizo cha mpira ni kule kule. Video zikazunguka dunia. Mwaka 2021 baba na mwana walifunga mashimo 11 mfululizo kwa mkwaju mmoja chini ya pari, wakamaliza wa pili nyuma ya John Daly na mwanawe. Mwaka 2024 Charlie alipiga mpira wa yadi 176 kwa fimbo ya chuma namba 7 kwenye shimo la 4 ukazama moja kwa moja, na timu yao ikafika 28 chini ya pari kabla ya Bernhard Langer na mwanawe Jason kuwapokonya ushindi kwenye shimo la ziada.

Raha kutazama, sikatai. Ila pale huchezwa skrambo. Wote wawili wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri, wote wanapiga tena kutoka hapo, na kuendelea hivyo mpaka shimoni. Mkwaju mbovu haugharimu kitu. Chukua mpira ulio futi 10 kutoka shimoni na mchezaji anayeutia mara 4 katika kila 10. Peke yake ana asilimia 40. Wakiwa wawili wa uwezo huo, nafasi ya wote kukosa ni 0.6 mara 0.6, yaani asilimia 36, kwa hiyo timu ina asilimia 64. Na hapo sijahesabu kwamba wa pili ameshaona mpira wa kwanza ulivyopinda. Isitoshe, wachezaji wadogo hupigia mbele zaidi ya wakubwa. Zidisha faida hiyo kwa mashimo 36 ya mashindano hayo uone namba zinavyoporomoka. Kumpima kijana kwa skrambo ni kama kumpima mwanafunzi kwa mtihani ambao kila swali amejibu mara mbili na mwalimu kachukua jibu zuri.

Msemo wetu wa mtoto wa nyoka ni nyoka unafanya kazi mahali pengi, lakini gofu inaukataa kwa ukaidi wa ajabu. Katika historia yote ya mashindano makuu ya wanaume, baba na mwana waliotwaa taji kila mmoja ni jozi mbili tu, zote za Uskoti na zote za karne ya 19. Old Tom Morris alichukua The Open mara nne, ya mwisho 1867 akiwa na miaka 46. Mwaka uliofuata mwanawe, Young Tom, akaichukua akiwa na miaka 17, na mpaka leo hao wawili ndio bingwa mkongwe kuliko wote na bingwa mdogo kuliko wote wa mashindano hayo. Jozi ya pili ni Willie Park na mwanawe wa jina hilo hilo, aliyeshinda 1887 na 1889. Tangu 1889, hakuna jozi nyingine.

Si kwamba watoto hawakujaribu. Gary Nicklaus, mtoto wa Jack Nicklaus mwenye mataji makuu 18, aliwekwa kwenye jalada la Sports Illustrated mwaka 1985 akiwa na miaka 16, akitangazwa kuwa Nicklaus ajaye. Kadi ya PGA Tour, yaani kibali cha kucheza huko, aliipata 1999, akiwa na miaka 30. Mwaka 2000 aliukaribia ushindi kwenye BellSouth Classic, Phil Mickelson akamtoa kwenye shimo la ziada. Hakushinda huko kabla wala baada ya hapo. Kwa vipimo vya kawaida hiyo ni gofu ya hali ya juu mno, kupoteza kwa Mickelson si jambo la kila mtu. Kwa kipimo cha jalada lile, watu walisema ameshindwa. Nani alimkosea, uwanja au jalada?

Wapo waliofika pazuri. Bill Haas, mtoto wa Jay Haas, alitwaa FedEx Cup, taji la msimu mzima la PGA Tour, mwaka 2011. Kevin Stadler alishinda Phoenix Open mwaka 2014, Kevin Tway akashinda Safeway Open 2018, wote wawili baba zao wakiwa na taji kuu moja moja. Ukitazama upande wa pili, yaani wazazi wa mabingwa wakubwa, unakuta watu wengine kabisa. Baba yake Arnold Palmer alikuwa mtunza nyasi na mwalimu wa gofu kwenye klabu ya Latrobe. Baba yake Jack Nicklaus alikuwa mfamasia. Earl Woods alikuwa mwanajeshi aliyeanza gofu ukubwani. Justin Thomas, bingwa wa PGA Championship 2017 na 2022, ni mtoto na mjukuu wa walimu wa gofu wa klabu. Maoni yangu ni kwamba kinachorithiwa katika mchezo huu ni saa za mazoezi. Mtoto wa mwalimu wa klabu yuko uwanjani kila siku saa kumi jioni, baba yupo, na hakuna kamera. Mtoto wa bingwa ana uwanja bora, fimbo zilizokatwa kwa kimo chake na mashine ya kusoma mzunguko wa mpira, lakini baba yuko safarini nusu ya mwaka na kila mkwaju una mtazamaji. Kwa Charlie, majeraha ya Tiger yamegeuza hesabu hiyo kidogo: baba asiyesafiri sana ni baba aliyepo.

Kuna jambo jingine ambalo video haisemi: mwili. Kijana wa miaka 13 hadi 16 anaweza kurefuka sentimita 10 ndani ya mwaka mmoja. Mikono inarefuka kabla misuli ya mgongo haijapata nguvu, umbali wa mkono hadi ardhini unabadilika, na ile sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo inahama. Ikihama kurudi nyuma kidogo tu, fimbo inagonga udongo kabla ya mpira, na mpira wa yadi 150 unaanguka 130. Fimbo zilizomfaa Januari zinakuwa fupi na laini mno ifikapo Agosti. Kichwa cha fimbo kinachelewa au kinawahi, na mpira uliokuwa unakwenda kushoto tu sasa unakwenda pande zote mbili. Hilo la pande mbili ndilo linaloua, kwa sababu huwezi tena kulenga ukingo mmoja ukijua kosa lako litakurudisha katikati. Hapo ndipo kadi za 68 na 80 hutoka kwa mchezaji mmoja ndani ya wiki moja. Mwaka huo huo wa 2024, Charlie alifuzu US Junior Amateur, ubingwa wa vijana wa Marekani, pale Oakland Hills, akapiga 82 na 80, akatolewa kwenye mchujo. Tiger alilitwaa kombe hilo miaka mitatu mfululizo, 1991 hadi 1993, la kwanza akiwa na miaka 15. Kulinganisha ni rahisi, na wachambuzi walilinganisha. Waliosahau kutajwa ni watoto wengine wote wa miaka 15 waliotolewa siku hiyo bila mtu kuwapiga picha.

Huko uwanjani baba naye hana la kufanya. Kwa kanuni za gofu, mchezaji akimwomba ushauri mtu asiye kedi wake wala mwenzake wa timu, anaongezewa mikwaju 2. Ukimwona Tiger amekunja mikono kando ya miti bila kufungua mdomo, ujue ndivyo inavyompasa. Uzito halisi wanaubeba watoto wanaopangwa kundi moja na Charlie, ambao wanasukuma mpira wa futi 5 huku watu wanakimbilia shimo linalofuata.

Sasa niseme kilichonifanya nibadili sauti. Mei 2025, pale Streamsong, Florida, Charlie alishinda Team TaylorMade Invitational ya vijana, mashimo 54, kwa 15 chini ya pari. Mpira mmoja, kila mkwaju umehesabiwa, hakuna baba wa kuokoa. Kwangu ushindi huo una uzito kuliko Desemba zote za Orlando zikiwekwa pamoja, ile ya yadi 176 ikiwemo. Kupiga 15 chini katika mashimo 54 ni wastani wa 5 kwa siku, na huwezi kuufikia ukiwa na shimo moja la mikwaju 8 au 9 kwenye kadi yako. Maana yake, siku tatu mfululizo, draiva ilirudi kwenye begi pale ilipotakiwa kurudi.

Wanaofundisha vijana wana zoezi linaloitwa mpira mbaya, kinyume kabisa cha skrambo. Mchezaji anapiga mipira miwili peke yake, anachagua uliokaa vibaya, anapiga tena miwili kutoka hapo. Mpira haujaingia mpaka yote miwili iingie. Rudi kwenye ile futi 10 yetu: mwenye asilimia 40 peke yake, kwenye skrambo ana 64, kwenye mpira mbaya ana 16. Mashimo 9 tu ya namna hiyo huchukua karibu saa tatu, na kijana mwenye swingi ya kuvutia kabisa anaweza kutoka na mikwaju 50, uso ukiwa wa kijivu. Baada ya wiki kadhaa anaanza kulenga katikati ya grini badala ya bendera iliyo ukingoni mwa maji. Anaanza kuchagua upande ambao akikosa bado ana mpira wa kuchezeka. Hakuna anayerekodi video ya zoezi hilo, linachosha hata kulitazama.

Kadi nyingine ya Charlie ikitoka, acha jumla kwanza. Hesabu mashimo aliyopoteza mikwaju miwili au zaidi. Halafu tazama shimo linalofuata kila baya: kama lina pari, kijana alikuwa tayari amelisahau lililopita alipofika pa kuanzia. Halafu linganisha siku ya kwanza na ya pili. Aliyepiga 76 akarudi na 69 ananivutia kuliko aliyepiga 70 na 70, mradi nijue upepo ulikuwaje.