Megapikseli 108 na uso wa shangazi

Jumamosi moja nilikuwa ukumbini Sinza kwenye sendofu ya binti wa dada yangu. Taa za zambarau, na MC akaomba zipunguzwe zaidi wakati wa keki. Nikampiga picha shangazi kwa simu mpya niliyonunua Kariakoo, ambayo winga aliinadi kwa neno moja: "Kaka, megapikseli 108 hizo!" Nyumbani nikaikuza ile picha. Hereni zinang'aa, maua ya kitenge yanahesabika, lakini uso wa shangazi ni chenga tupu.

Tangu siku hiyo nimesoma sana jinsi vihisi vya picha vinavyobuniwa, na nasema wazi: tunauziwa namba isiyo na kazi gizani.

Kihisi ni kipande cha silikoni chenye mamilioni ya pikseli (megapikseli moja ni pikseli milioni moja), na kila pikseli ni kama ndoo inayokinga mvua. Mvua yenyewe ni mwanga, na matone yake ni fotoni. Matone hayadondoki kwa usawa. Pikseli ikikinga fotoni 10,000, hesabu yake huyumba juu na chini kwa kama 100, asilimia 1 tu, wala jicho halioni. Ikikinga 100, kuyumba ni 10, yaani asilimia 10. Chenga za usoni kwa shangazi zilianzia hapo. Sasa chukua kihisi kilekile ukigawe vindoo vingi zaidi: kila kimoja kinapata matone machache. Ndiyo maana simu nyingi za megapikseli 108, ukiziacha zilivyo, hutoa picha ya megapikseli 12. Zinaunganisha pikseli tisa ziwe moja.

Kazi ya wabunifu naiheshimu mno. Miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake, kwenye maabara ya NASA huko California, waliipa kila pikseli kikuza-umeme chake, wakitafuta kamera ndogo za vyombo vya angani. Teknolojia ya zamani, CCD, ilikuwa inapokezana chaji pikseli kwa pikseli hadi ukingoni. Kuna ufundi mwingine ninaoupenda: pikseli husomwa mara mbili, kwanza ikiwa tupu, kisha ikiwa na mwanga, na tofauti ndiyo inayohesabiwa. Muuza mchele mwaminifu hufanya hivyo hivyo, anapima chombo kitupu kwanza. Halafu kuna kukigeuza kihisi mgongo juu ili nyaya zisizibe mwanga, jambo ambalo Sony ililiingiza sokoni mwaka 2009.

Jitihada zote hizo ni za kuokota kila tone. Ngozi yetu hurudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, na bibi harusi wetu huvaa shela jeupe pembeni ya uso huohuo. Kihisi kinatakiwa kishike vyote viwili kwa mpigo: ndoo isifurike kwenye shela, na usoni vurugu za umeme wa kihisi chenyewe zisimeze matone machache yaliyopo. Kwa hiyo sikubali mtu akiniambia ngozi nyeusi "ni ngumu kupiga." Hicho ni kipimo cha ubunifu kama vipimo vingine. Programu ya simu kuupaka uso hadi uteleze kama plastiki si jibu.

Ukienda Kariakoo, uliza ukubwa wa kihisi. Huandikwa kama 1/1.3 au 1/2.8, namba ya chini ikiwa ndogo, kihisi ni kikubwa. Winga asipojua, mwambie aizime taa ya duka, mpige picha yeye mwenyewe, kisha uikuze hapo hapo.

Na ninyi ndugu zangu mnaopima simu mtandaoni kwa Kiswahili, picha za Coco Beach saa nne asubuhi tumezishiba. Jua la pale hata simu mbovu inatoa picha nzuri. Nendeni ukumbini saa tatu usiku, mkapige nyuso za mama zetu.