Zhivago wa kitabuni si yule wa Omar Sharif

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa ameimwagia sifa filamu ya Doctor Zhivago ya 1965, iliyotokana na riwaya ya Boris Pasternak, na Omar Sharif akaigiza kama Zhivago; simlaumu. Ile theluji (nyingi yake ilipigwa picha Hispania, si Urusi!) na muziki wa Maurice Jarre vinalevya. Ila kudai filamu imekibeba kitabu chote, hapo katia chumvi. Chukueni kifo cha Yuri, yaani Zhivago mwenyewe. Kwenye filamu yumo ndani ya tramu (gari la reli la mjini), anamwona Lara, mwanamke anayempenda, akipita, anashuka mbio, moyo unagoma. Machozi lazima. Kwa Pasternak anayepita nje ni Mademoiselle Fleury, bibi kizee Mswisi waliyewahi kujuana zamani. Tramu mbovu, kila mara inakwama. Bibi anaipita, inampita, anaipita tena, kisha huyo anakwenda zake bila habari kwamba kamwacha nyuma maiti mtu anayemfahamu. Hapo Lara hayupo kabisa, na mimi ndipo panaponiuma zaidi. Halafu yale mashairi ya Yuri yanayofunga riwaya yameenda wapi? Jamaa ni mshairi, filamu inazidi saa tatu, na hatusomewi hata ubeti mmoja!