Rangi ya sweta imebadilika, wazazi mjipange

Hivi kamati ya shule hukaa kikao lini hasa? Desemba nzima kimya. Zimebaki siku chache shule zifunguliwe, ndipo tangazo linatupwa kwenye grupu la wazazi: sweta si la bluu tena, ni damu ya mzee, na lenye nembo linapatikana kwa fundi mmoja tu pale karibu na geti. La mwaka jana hata halijapauka! Bado rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa na hela ya mlinzi. Mlango wa choo cha wasichana uliong'oka tangu muhula wa kwanza, huo hautajwi popote.

Ada ilifutwa 2016, tunashukuru. Mwaka 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kushika michango. Basi siku hizi inaitwa "makubaliano ya wazazi". Wazazi gani? Kikao kiliitwa Jumanne saa nne asubuhi, watu tuko kazini. Ukihoji, mweka hazina anakujibu "tushirikiane jamani", chini yake kaweka namba ya kutumia hela.