Kidole Kilichozamisha Manowari

Kwa miezi minne mke wangu alisikia habari za Vasa mpaka akazikariri. Manowari ya mfalme Gustav II Adolf wa Sweden, mizinga 64, vinyago mamia kwa mamia, shetri yote, yaani nyuma ya chombo, nakshi tupu. Tarehe 10 Agosti 1628 ikang'oa nanga Stockholm, kaupepo kakaipiga, ikalala ubavu, maji yakaingilia matundu ya mizinga yaliyoachwa wazi, ikazama. Hata kilomita moja na nusu haikufikisha! Mimi hapo hucheka mpaka nashika mbavu. Eti kabla ya safari waliwakimbiza watu 30 kutoka ubavu huu hadi ule kuijaribu, chombo kikayumba vibaya. Wakafanyaje? Wakakatisha jaribio.

Yangu ilikuwa ya mfano tu, ya mbao, niliyokuwa nikiiunda mwenyewe, urefu sentimita 69, mara 100 ndogo kuliko yenyewe. Walibaki vinyago vya watawala wa Kirumi 20 wa kupanga kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kuanzia Tiberius. Kila mmoja punje ya mchele yenye pua. Nikamshika Tiberius kwa kibano, nikadondosha gundi kali mahali pake, mara kibano kikamfyatua huyoo, hajulikani alipo. Nikainama kumtafuta, nikateleza, nikajishikiza kwenye omo. Juu ya lile tone la gundi.

Nikavuta kidole. Manowari ikanifuata.

Mama watoto akaja mbio na asetoni yake ya kufutia rangi ya kucha. "Weka mbali hiyo!" nikafoka. "Ikigusa rangi ya dhahabu, nimekwisha." Basi, akasema, ni maji ya vuguvugu na sabuni. Akaleta beseni kubwa la kufulia. Kidole kiingie majini, nacho kimegandana na chombo. Kwa hiyo chombo nacho kiingie.

"Matundu umeyafunga?" akauliza.

Nilikuwa nimeyagandisha yote wazi, mizinga ionekane.

Kwa sekunde tatu hivi ilielea, nami nikaanza kujivuna. Kisha mlingoti mkuu ukainama kama unaniamkia, chombo kikaenda mrama, matundu yakanywa maji. Farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo, sikuweka hata kokoto. Gundi nyeupe ya mbao nayo haitaki kulowa: simba wa omoni akabanduka, malaika wakafuata, povu likajaa vinyago. Kidole kikabanduka mwisho kabisa, kimeondoka na kipande cha omo.

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa.

"Nahodha wa Vasa alinusurika, wakamkamata wakamhoji, sivyo?"

"Ndiyo."

"Haya. Nani aliacha matundu wazi?"

Nikamkumbusha kwamba katika kesi ile hakuna aliyepatikana na hatia. Akanitazama usoni kwa muda, akanyoosha mkono, akambandua Tiberius kwenye nyusi yangu. Kisha akanikabidhi tambara la kudekia.