Acheni Kuwacheka Warusi kwa Neno Vokzal

Jana usiku kuna klipu ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Kijana anasimulia kwamba zamani mfalme wa Urusi alituma watu London wakajifunze mambo ya reli. Walipofika stesheni ya Vauxhall wakaliona jina ukutani, wakadhani ndivyo stesheni inavyoitwa kwa Kiingereza, wakarudi nalo kwao likawa vokzal, neno la Kirusi la stesheni ya treni. Kundi zima likaangua vicheko. Mimi niliumia. Kirusi nilikisoma kwa jasho, na neno hilo nalipenda.

Hebu tuitazame miaka. Stesheni ya Vauxhall ilifunguliwa 1848. Reli ya St. Petersburg hadi Tsarskoye Selo ilianza 1837, na 1838 ikafika Pavlovsk. Huko mwisho wa reli lilijengwa jumba la muziki, ili watu wa mjini wapande treni waende kustarehe, na jumba hilo ndilo lililoitwa vokzal. Miaka kumi kabla! Hao wajumbe waliisoma wapi stesheni ambayo haijajengwa?

Neno lenyewe lilikuwa limeshaingia Urusi kabla ya treni. London kulikuwa na bustani za Vauxhall, watu wanakwenda jioni kusikiliza muziki na kutembea chini ya taa. Karne ya 18 Mwingereza Michael Maddox akafungua bustani ya namna hiyo Moscow. Vokzal ikawa mahali pa starehe. Pale Pavlovsk, kuanzia 1856, Johann Strauss mdogo, mwanamuziki maarufu wa Vienna, alipiga muziki msimu baada ya msimu, treni zikiingia na kutoka hapohapo. Muziki ulikuja kunyamaza, jina likabaki kwa treni.

Haya, asili ni Uingereza, nakubali. Na sisi neno shule tulilipata kwa Wajerumani.

Tena Warusi wamelifanya lao hasa. Zamani liliandikwa kwa s, voksal. Z ikaingia baadaye, maana zal kwao ni ukumbi. Mdomoni ndiyo limegeuka kabisa. Wiki yangu ya kwanza Moscow nilimuuliza mama mmoja njiani, nikatamka Kiswahili kitupu: VOKzal, mkazo mwanzoni, o wazi kama ya "soko". Hakunielewa. Nikarudia mara tatu, mwisho nikamwonyesha kwenye karatasi. "Aa, vagZAL!" akasema, akanishika mkono hadi kituo cha basi. O ikikosa mkazo hulegea ikawa kama a, ndiyo maana Moskva husikika Maskva. K nayo ikitangulia z hugeuka g. Irabu zetu hazitikisiki popote zilipo. Zao zinafuata mkazo, na mkazo wenyewe unahama. ZAmok ni ngome, zaMOK ni kufuli, herufi zilezile.

Asubuhi hii nimeyaandika haya yote kundini. Klipu bado ipo. Ndugu yangu uliyeituma, nakuomba uifute.