Mageti yanamuua mchongaji wetu, au ndo yanamlea?

Kuna jamaa hapa Mbeya anachonga mawe na kuchomelea vyuma, kibanda chake kiko pembeni ya barabara ya kwenda Uyole, na kuna maneno yanamfuata kila siku: kipaji chako kinaishia kwenye mageti. Anaeyasema sana ni mwalimu mmoja mstaafu, mzee anaempenda kwelikweli, hana wivu wowote, kwa hiyo siwezi kumpuuza. Anataka kijana aachane na mageti, grili za madirisha na makaburi, ashike sanamu tu, ikibidi aende Bagamoyo au Dar.

Hoja ya mzee ina uzito, tusijifanye. Geti moja linakula siku tatu nne, wateja wanataka simba yuleyule kushoto na kulia, na mkono ukishamzoea simba mmoja unachonga huku akili iko kwenye kodi ya kibanda. Halafu vumbi la jiwe, grenda bila barakoa, na mapafu hayana spea. Ukisema utaanza kazi zako ukiwa na miaka 50, macho yameshaliwa na mwanga wa kuchomelea. Sawa.

Lakini mi naona mzee anahesabu siku tu, kile kinachobaki mkononi geti likishaondoka hakihesabu. Chukua Julio González, mchongaji wa chuma, Mhispania, kazaliwa Barcelona 1876 kwenye familia ya mafundi vyuma. Mwaka 1918 akawa kwenye kiwanda cha Renault huko Ufaransa, na huko kwenye magari ndo akajifunza kuchomelea kwa gesi, wala sio chuo cha sanaa. Ilipofika 1928 Picasso, yule mchoraji maarufu, na jina lake lote lile, ikabidi amfuate amsaidie, maana hiyo kazi ya kuchomelea yeye alikua haijui. González hapo ana miaka 52! Akafa 1942. Hii hesabu hainitoki kichwani, nimeigeuza sijui mara ngapi: sanamu zinazomfanya atajwe leo, ikiwemo La Montserrat ya 1937, yule mama wa kijijini kabeba mtoto, wa mabati ya chuma yaliyochomelewa, karibu zote ziko kwenye ile miaka 14 ya mwisho. Mzee akisikia anasema umeona, miaka 30 ya kabla imeliwa na kazi za wateja. Mi namuuliza, hiyo 14 ingepatikana bila hiyo 30? Bati la Montserrat limekunjwa mpaka unaona gauni kabisa, na kukunja vile unajifunza kwa kuharibu mabati ya wateja na kuyalipa. Akanijibu, una bahati aliishi mpaka 65, angekufa na 51 je? Hapo nilinyamaza, na mpaka leo sina jibu zuri.

Isamu Noguchi nae, mtu wa jiwe na chuma, 1927 alikua msaidizi wa Brancusi, mchongaji mkubwa kule Paris, karudi New York akawa anakula kwa kuchonga vichwa vya watu wanaolipa, sura baada ya sura. Hayo nayo ni mageti, tofauti yake yana pua.

Mzee hupenda kunitajia Zimbabwe, kwamba kule mchongaji ni mchongaji tu. Sasa Tengenenge, kile kijiji chao cha wachongaji, ilianza 1966 kwenye shamba la tumbaku, tumbaku imebanwa na vikwazo, mwenye shamba akaona bora wafanyakazi wachonge jiwe lililokuepo palepale. Vibarua wa shamba hao. Na soko la watalii lilipochangamka wapo waliokaa wanatoa sanamu ileile kama chapati, kwa hiyo hiyo kujirudia anayoiogopa mzee ipo hata kwa wasiowahi kushika geti maishani. Huku kwetu wahunzi wa Kifipa waliokua wanayeyusha chuma kwenye yale matanuru marefu walikua wanatoa majembe, na hakuna aliewaambia wanapoteza kipaji.

Kuna siku nilienda na huyu mchongaji wetu Ndolezi, Mbozi, kuona kimondo, lile donge la tani kama 16 ambalo karibu asilimia 90 ni chuma. Watu wote wanapiga selfi. Yeye akazunguka akaenda moja kwa moja palipokatwa kipande zamani, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ule ukingo, akasema, "Braza, aliekata hapa misumeno ilimuishia." Mi nilishafika pale mara tatu na sijawahi hata kupaangalia. Hilo jicho sidhani kama kalitoa kwenye kitabu.

Kazi yake ninayoipenda ni kwale, shingo ni kipande cha springi ya Fuso kilichobaki kwenye oda ya geti, kakaa juu ya jiwe la Songwe lenye matabaka kama keki, na jiwe kaliacha bila kulipolishi upande mmoja ili ndege aonekane katua sasa hivi. Liko kibandani mwaka wa pili halijapata mtu, na hapo mzee anapata pointi yake nyingine.

Mwezi uliopita kapeleka geti Uyole na kachomelea kwale mdogo kwenye kona ya chini, bila kuambiwa na mtu. Mwenye nyumba kaja kumuona huyo kwale siku ya tatu. Akapiga simu, jamaa anatetemeka anajua anaambiwa akamtoe, kumbe mama anauliza upande wa pili mbona hayupo, na kwamba akija kumuweka asimchaji.